Siku Baraka Ilipomkimbia Kazino

Naomba mnisikilize bila kucheka, na atakayeshindwa acheke taratibu, maana nimeshachekwa vya kutosha na watu wa Baraka, wa Lweba, hata na wa Fizi kule juu ambao hawakuwepo siku yenyewe lakini wanaisimulia vizuri kuliko mimi niliyekuwepo. Sikatai. Aibu ni yangu, mdomo ulikuwa wangu, na kile kitu nilikitafuna mwenyewe, mchana kweupe, bila kulazimishwa (bunduki zilikuwepo, ndiyo, lakini hakuna aliyenielekezea ili nitafune).

Mimi ni Asukulu, fundi wa saa pale mjini Baraka, kando ya ziwa, karibu na soko. Wakati wa vita fundi wa saa hana kazi nyingi, kwa sababu mtu anayekimbia haangalii saa, na anayemvizia mwenzake anataka saa iliyo nzima. Kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi, na muda huo wote niliumalizia kwenye jetoni.

Baba yangu mdogo alikuwa boyi wa vinywaji kwenye kazino moja ya Wazungu ng'ambo ya ziwa, enzi za Wabelgiji. Kazino ni nyumba ambayo watu wenye pesa wanakwenda kuzipoteza wakiwa wamevaa vizuri. Humo hawachezi na pesa yenyewe. Wanapewa vidude vya mviringo, vya rangi, vyenye namba, ndizo jetoni, na mchezo ukiisha wanazirudisha wapewe pesa yao kama imebaki. Baba mdogo kila akifagia chini ya meza alikuwa anaokota moja moja zilizoanguka, na alipokufa nikarithi mukebe wake, mukebe wa maziwa ya unga wa zamani, umejaa hadi juu.

Mwingine angewapa watoto wachezee. Mimi nikazipenda. Baadaye Mgiriki mmoja aliyekuwa ananunua pamba huku kwetu alikuja kutengenezesha saa, akauona mukebe, akavuta kiti, akakaa hadi jioni akinifundisha, saa yake akaisahau. Alisema kwanza usiangalie namba, angalia ukingo: jetoni nzuri ya zamani ni ya udongo ulioshindiliwa, na yale madoa ya rangi pembeni hayakupakwa juu, yameingia ndani kabisa. Halafu chukua kioo cha fundi uangalie vialama vidogo vilivyogandamizwa kuzunguka uso wake, nyota au vijiti au kamba, maana kila kiwanda kilikuwa na chake. Gonganisha mbili usikilize, ya udongo inalia kama vigae vya chungu, ya plastiki inalia kama meno ya kitana. Ukingo ukiwa bado mkali ujue haikushikwa na mikono mingi, thamani inapanda. Na jambo ambalo watu wa Baraka walishindwa kabisa kunielewa ni hili, kwamba namba iliyoandikwa siyo thamani. Mimi nilikuwa na jetoni nyekundu ya tano, ya kazino iliyofanya kazi msimu mmoja tu ikafa, kwa hiyo jetoni zake zimebaki chache sana duniani, na Mgiriki alisema hiyo tano inazishinda zangu zote za elfu. Nikakimbia kumwambia mke wangu, Mama Riziki. Akaniuliza kama hiyo tano inaweza kununua chumvi. Nikasema hapana, sokoni hapana. Akarudi jikoni.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Ilikuwa ile miezi ambayo vita ilikuwa imepumzika kidogo: mji ulikuwa na wenye kuushika (sitawataja, walibadilika mara nyingi hadi sisi wenyewe tulikuwa tunachanganya nyimbo zao), milimani kulikuwa na wengine, na watu wa kawaida walikuwa wanapanda Fizi na kushuka na biashara zao ndogo za sabuni na muhogo. Mwalimu mmoja wa Fizi, rafiki yangu wa siku nyingi, akanitumia habari kwamba ameokota jetoni nyekundu yenye tano. Mimi nilipoisikia habari hiyo hata chakula kilinishinda. Nikasema lazima nipande nikalinganishe ukingo na ukingo.

Kwa kulinganisha, ingenitosha kutia ile moja yangu mfukoni. Mama Riziki alisema hivyo hivyo.

"Baba Riziki, beba moja. Mukebe uache ku nyumba. Ku njia kuko basoda."

Lakini mimi nilitaka mwalimu azione zote, ajue anaongea na nani. Nikaufunga mukebe mzima nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mpira. Huo ndio uamuzi wangu, na ulikuwa mdogo tu, ulikuwa mukebe na kamba ya mpira.

Barieri, kile kizuizi cha hao basoda, yaani askari, ilikuwa pale barabara inapoanza kuufuata mlima. Walikuwepo askari wawili, mmoja mrefu sana, na mwingine mwenye redio ya mkononi ambayo alikuwa anaishika kama yai (nilikuja kujua kwamba walikuwa wamempa asubuhi hiyo hiyo na alikuwa bado hajapata habari ya kuongea ndani yake). Mrefu akafungua mukebe, akatazama, akaingiza kidole, akakitoa haraka.

"Iyi ni nini?"

"Ni jetoni, shefu. Za Kazino."

"Kazino ni nani?"

Ningevuta pumzi hapo, ningeeleza polepole, mambo yangeisha. Lakini nilikuwa nimefurahi mno. Tangu Mgiriki aondoke hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali lolote kuhusu jetoni, nikajibu mbiombio bila kupanga maneno.

"Kazino haiko tena, shefu. Balishafunga Kazino tangu uhuru."

"Balimufunga ku prizo gani?"

Mnaona lugha yetu inavyoweza kummaliza mtu. Mimi nasema nyumba imefungwa mlango, yeye anasikia mwanaume amefungwa jela. Nikajaribu kurekebisha, nikasema hapana shefu, siyo kufungwa namna hiyo, na isitoshe Kazino ziko nyingi, ukifunga moja hapa nyingine inafunguliwa kule, ng'ambo, Ulaya, kila mahali. Mrefu akamwangalia mwenzake. Kumbe nilikuwa nimeshamwambia kwamba Kazino alitoroka na ana watu wake nchi zote.

Akaniuliza hizi namba ni za nini, kama ni hesabu ya watu. Na hapa, wenzangu, ndipo ujinga wa mkusanyaji unapoonekana, kwa sababu mtu mwenye akili angesema ni namba za mchezo akanyamaza, lakini mimi siwezi kuvumilia mtu akiitazama jetoni ya elfu kwa heshima na kuidharau ya tano. Iliniuma. Nikachukua ile nyekundu nikaiinua juu.

"Shefu, usiogope elfu. Elfu ni za kawaida, ziko mingi. Iyi tano njo ya nguvu."

Mrefu akarudi nyuma hatua. Yule mwingine akageuka pembeni, na nikasikia redio ikipata habari yake ya kwanza, kwamba wamekamata mutu wa Komanda Kazino, Kazino mwenyewe ametoroka prizo, ana watu elfu moja wa kawaida na wengine watano wa hatari kabisa.

Tukarudi Baraka kwa miguu. Mimi nilikuwa nasukuma baiskeli, mrefu nyuma yangu, jetoni zinalia mukebeni kila tukipita shimo (nilikuwa naziwaza kingo zao, nisidanganye, hata katika hali ile nilikuwa nawaza kingo). Lakini habari haisukumi baiskeli. Ilitutangulia, na sijui ilipitia vinywa vingapi, maana tulipofika nyumba za kwanza mji mzima ulikuwa barabarani. Magodoro yalikuwa vichwani. Cherehani ilikuwa mgongoni kwa fundi nguo kama mtoto. Mwanaume mmoja alikuwa amebeba mlango wa nyumba yake pamoja na kufuli lake limefungwa, na mbuzi walikuwa wanavutwa kuelekea ufukoni ili wenye mitumbwi wawavushe, wengine wanashika njia ya Lweba kwa miguu. Kinyozi wa jirani yangu akanipita mbio, mkasi bado mkononi, akanihurumia, akaniambia Asukulu, kimbia, Komanda Kazino anaingia. Kisha akaona bunduki iliyokuwa nyuma yangu, akaongeza mwendo.

Na katikati ya watu hao nikamwona Mama Riziki wangu, mkeka kichwani, sufuria mkononi, Riziki na wadogo zake wameshika kitenge chake. Aliniambia baadaye kwamba alisikia tu neno komanda na neno anaingia, akaanza kufunga mzigo, jina hakulingoja (na kweli vita ilishatufundisha kutongoja majina). Aliponiona akasimama. Akaniuliza ni nani anayeingia.

Nikasema kwa sauti ndogo, "Kazino."

Akauangalia mukebe. Akauangalia tena. Akautua mkeka chini polepole, akajifunga kitenge upya, akawarudisha watoto kwa dada yake, akaanza kutufuata, na mimi nikaona afadhali ningekuwa nimekamatwa na Kazino mwenyewe.

Komanda wa mji alikaa kwenye nyumba moja yenye baraza, upande wa pili wa soko. Zamani, kabla ya bunduki, alikuwa karani kwenye kampuni ya pamba, na Kifaransa alikijua vizuri. Akasikiliza maelezo ya mrefu hadi mwisho, akachukua jetoni moja, akaigeuza, akaniuliza kama ninasema kazino, ile nyumba ya kuchezea karata. Nilitamani kumkumbatia. Nikasema ndiyo, ndiyo, hiyo hiyo. Akamtazama yule wa redio kwa muda mrefu sana, hadi yule wa redio akaanza kuangalia viatu vyake.

Ningeachiliwa pale pale, lakini habari ilikuwa imeshapanda kwa wakubwa wake, na wakubwa walikuwa wameshauliza kama anahitaji askari wa kuongezea. Hakuweza kuwaambia kwamba ametishwa na vidude vya mchezo bila kuwa na hakika. Isitoshe, jambo lenyewe halikumwingia akilini, mtu mzima, wakati wa vita, anabeba pesa isiyonunua kitu na kuipandisha mlima kwa baiskeli. Akaniambia kwa upole (upole wake ndio ulionitisha) kwamba ama mimi ni mkusanyaji kama ninavyodai, ama hizi ni alama za kupitishana kwa watu wa milimani, na kama ni hizo za milimani, basi hataona sababu ya kunipa hata uji. Maana yake, kesho sitaiona.

Wakati huo watu walikuwa wameanza kurudi, kwa sababu hakuna risasi iliyolia, wakajaa mbele ya baraza na magodoro yao bado vichwani ili wamwone mtu wa Kazino. Komanda akasema nieleze. Nikaeleza. Nilianza kwa sauti ya kutetemeka, nikaonyesha ukingo, nikaonyesha nyota na vijiti, nikagonganisha za udongo na za plastiki masikioni mwa watu, na watu wakaanza kuitikia eeh, eeh, na jinsi walivyoitikia ndivyo hofu ilivyonitoka na kitu kingine kikaniingia. Nikajiona profesa. Nilisimama wima. Nikaanza kutembea huku na huku.

Yule mrefu hakuridhika. Akasema mwenye macho anaweza kutunga lolote, anaona rangi, anasema tu.

Nikageuka nikamwambia, "Hata munifunge macho. Mimi ninajua jetoni kwa ulimi."

Sijawahi kujua jetoni kwa ulimi. Mgiriki hakunifundisha habari ya ulimi hata kidogo, na katika maisha yangu yote sikuwahi kuilamba jetoni. Lilitoka tu, kwa sababu lilikuwa na mlio mzuri, na watu walipolisikia walisema aah wote kwa pamoja, ningelirudishaje. Mama Riziki alikuwa amesimama mstari wa mbele. Alifumba macho yake mwenyewe.

Wakaazima kilemba cha Mama Riziki wakanifunga macho. Mrefu akaniwekea kitu cha kwanza mdomoni, na Mungu ana huruma, ilikuwa ile tano yangu nyekundu, ambayo ina pengo dogo pembeni ninalolijua kama ninavyojua meno yangu. Nikataja rangi yake, namba yake, msimu wake. Watu wakapiga makofi. Akaniwekea cha pili, chepesi, kina matundu madogo katikati. Nikasema hiki ni kifungo cha shati, na shati lenyewe halijafuliwa. Kicheko kikalipuka, kumbe mrefu alikuwa amekikata kwenye mfuko wake mwenyewe.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa wa Baraka hadi leo.

Nikasikia kiti cha Komanda kikisogea, nyayo zikiingia ndani, zikitoka. Kwenye umati wakaanza kunong'ona, nikafikiri wanastaajabu. Nikafungua mdomo. Kitu kikaingia, kikubwa kuliko jetoni ya kawaida, kizito, kimeshindiliwa vizuri sana. Ulimi ukakuta herufi juu ya uso wake. Ukakuta mstari ulionyooka katikati. Ukakuta ukingo mkali, mkali kabisa, haujaguswa. Wenzangu, moyo ulinidunda. Nikasema ndani yangu, Asukulu, hii ndiyo ile ambayo watu wanaitafuta maisha yao yote.

Mama Riziki akakohoa. Nikadhani anakohoa kwa fahari. Akaanza kusema Baba Riziki, na Komanda akamwomba kwa adabu amwache mtaalamu afanye kazi yake.

Basi nikafanya kazi. Nikasema (kitu kikiwa shavuni) kwamba huu ni udongo wa aina ya kwanza kabisa, wa Ulaya, wa kabla ya vita ya Wazungu, haukuwahi hata kufika mezani. Nikasema mstari wa katikati uliwekwa kwa ajili ya matajiri waliotaka kucheza nusu. Kilianza kuwa kichungu. Kilikuwa kichungu namna ambayo siwezi kuieleza, hadi masikio yalisikia ule uchungu, na povu likaanza kunitoka pembeni mwa mdomo, lakini mtu aliyeanza kuwa profesa hawezi kuacha katikati, nikawaelezea kwamba uchungu huo ndio miaka yenyewe, jetoni kadiri inavyozeeka ndivyo inavyokuwa chungu. Kisha nikasema nitaangalia rangi ya ndani, nikauma. Kikakatika pale pale kwenye mstari, vizuri sana. Nusu moja nikaishika mkononi, nusu nyingine ikaanza kuvunjikavunjika juu ya ulimi, na kwa kuwa haifai kutema mbele ya komanda, nikameza.

Umati wote ukaguna. Komanda akaniuliza, sauti yake kama ya mtu aliyebanwa na kitu kifuani, thamani yake ni kiasi gani.

Nikajipanga, nikatumia sauti ya yule Mgiriki.

"Komanda, iyi moja, bei yake ni ng'ombe muzima."

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile, kabla wala baada. Nilisikia magodoro yakianguka. Nikavuta kilemba, na kitu cha kwanza nilichokiona ni boksi mkononi mwa Komanda, na ubavuni mwa boksi amechorwa ng'ombe, mnene, mzuri, ananitazama. Watu wote walikuwa wamemwona tangu mwanzo. Mimi tu ndiye niliyekuwa nimefungwa macho, kwa ombi langu mwenyewe.

Ilikuwa dawa ya minyoo ya mifugo, imetoka kwenye nyumba ya mganga wa ng'ombe aliyekimbia. Yule mrefu, ambaye zamani alichunga ng'ombe kule milimani Bibokoboko, akaichukua ile nusu iliyobaki mkononi mwangu, akaikagua, na bila kucheka hata kidogo akamweleza Komanda kwamba kidonge kizima ni cha ng'ombe, nusu ni ya ndama.

Komanda alikuwa amekaa chini, anajifuta macho kwa kofia yake. Alipoweza kuongea akaniambia:

"Nilikuwa nangoja useme neno moja tu: sijui. Ungesema sijui, ningejua unajua." Kisha akawageukia askari wake. "Mupelelezi hawezi kumeza kitu asichokijua mbele ya adui yake. Uyu ni mujinga wa kweli. Mumuachilie."

Niwaambie ukweli, sijawahi kusifiwa nikafurahi kama siku ile. Nikapewa mukebe wangu, nikapewa baiskeli yangu, nikainama, nikashukuru, nikashika njia na Mama Riziki kando yangu. Hatujafika hata kwenye kona ya soko, ndama akaamka.

Vyoo vya soko vilikuwa vimeanguka tangu mapigano ya kwanza. Nyumbani ni mbali. Choo kizima kilichokuwa karibu kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa nyuma ya ile nyumba yenye baraza. Nikamwachia mke wangu baiskeli, nikageuka, nikakimbia nilikotoka, mikono juu ili wasinipige risasi, povu bado mdomoni. Mama mmoja muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, aliyekuwa ndiyo kwanza anapanga tena vitu vyake aliniona naruka hivyo, akapaza sauti kwamba basi Kazino amefika kweli, na watu wale wale, na magodoro yale yale, wakaanza kukimbia upya kuelekea ziwani. Mrefu alikuwa langoni. Akainua bunduki, akaniangalia usoni, akaishusha, akafungua lango bila kuuliza neno.

Komanda alikuwa barazani anawaelezea wakubwa wake kwa redio kwamba hali ya mji ni shwari. Nikampita. Akaendelea kuongea, lakini niliona mabega yake yanacheka.

Sitaeleza ya huko ndani. Nitasema tu kwamba kile choo kilikuwa cha mikeka, na mikeka haizuii sauti, wala za ndani wala za nje, kwa hiyo niliwasikia askari wakibishana kama nilistahili nusu au robo, na niliwasikia watu wakirudi kutoka ziwani kwa mara ya pili wakiuliza mimi niko wapi, na kuonyeshwa. Baada ya muda ambao mimi niliuona ni mwaka, nikasikia ndoo ya maji ikitua nje ya mkeka, na sauti ya Mama Riziki, ambayo nilikuwa sijaisikia tangu akatizwe pale barazani.

"Baba Riziki. Kazino ameshatoka?"

Nje walilala chini wote kwa kicheko, hadi yule mrefu ambaye huwa hacheki.

Kesho yake sikutoka nyumbani. Nilikuwa nimeamua nitakaa ndani hadi vita iishe, lakini asubuhi nikasikia hodi, nikakuta watu wamejipanga uani, wamama kwa wababa, wapole, wanaulizia hali ya mwili wangu. Nikaguswa. Nikafikiri ni huruma. Kumbe kituo cha afya hakikuwa kimeona dawa ya minyoo tangu vita ianze, na mji ulikuwa umeshapata habari za matokeo yangu (mikeka, nilishawaambia), kwa hiyo walitaka kujua kama Komanda anaweza kuwagawia na wao zile jetoni zake. Mzee mmoja alitaka nimweleze vizuri kama aanzie nusu. Nikawaambia hapana, jamani, ile ni dawa ya mnyama mwenye pembe, imenigeuza ndani nje, msithubutu. Hawakuniamini, walisema nazificha, mpaka Mama Riziki alipotoka na ufagio.

Fizi nilipanda baadaye sana, na jetoni moja mfukoni. Ile ya mwalimu ilikuwa ya kweli, nyekundu, ukingo ule ule, na ninayo hadi leo, alinipa kwa kutengenezewa saa. Ila hakuniwekea mkononi. Aliiweka mezani, akarudi nyuma kidogo, akasema niangalie kwa macho.

Bado nakusanya, siwezi kuacha, na watu bado wananiletea vitu vya mviringo niwaambie ni nini na vina thamani gani. Navipima kwa kioo, navigonganisha, navirudisha kwa wenyewe. Mdomo wangu umekuwa wa ugali na samaki tu, nimeapa mbele ya mke wangu na mbele ya Mungu, na wa kwanza kati ya hao wawili ndiye ninayemwogopa zaidi. Na mtu akiniletea kitu nisichokijua, hata kama yuko na nyota mabegani, hata kama nyuma yake wamesimama watu wanaosubiri kupiga makofi, namwambia lile neno Komanda alilolingoja siku ile. Sijui. Nimelizoea sasa. Halina uchungu wowote, na sijamwona mtu limemkimbiza chooni.